Kuwa Mkenya si kinga dhidi ya mbu wa kisiwani

Desemba inapobisha hodi, watu wa Kisii na Nyamira huwa na mengi ya kupanga. Mkulima wa majani chai huwa ameshapokea bonasi yake, watoto wamefunga shule, na jamaa walioko Nairobi wanapiga simu kuuliza mwaka huu tutakutana wapi. Zamani jibu lilikuwa moja tu: nyumbani, penye ndizi za kupika, wimbi na mbuzi wa kuchinja. Siku hizi mambo yamebadilika. Familia nyingi, vikundi vya akina mama, kwaya za makanisa na hata shule huchanga pesa mwaka mzima ili waende kuona maji na kuota jua.

Wenye uwezo mkubwa huelekea Mombasa, Lamu au Unguja. Wengine huteremka tu kupitia Rongo na Homa Bay hadi Mbita, wakavuka kuingia kisiwa cha Rusinga, au wakapanda boti hadi Mfangano. Si jambo baya. Mwili unahitaji mapumziko kama unavyohitaji chakula, na mtu aliyechuma chai au kuchonga mawe ya Tabaka tangu Januari amestahili siku tano za kukaa ufuoni bila kuulizwa swali.

Lakini hebu tazama daftari la mweka hazina wa kikundi chochote kinachopanga safari kama hiyo. Utakuta nauli, malazi, samaki, soda, sare za kikundi na mpiga picha. Je, utakuta mstari wowote ulioandikwa neti? Utakuta pesa za kupimwa malaria baada ya kurudi? Aghalabu hutakuta. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapangaji wengi wa likizo, na ndiyo sababu ya makala haya. Mtu wa milimani anayekwenda kwenye kisiwa cha joto anapaswa kujipanga kama mgeni kutoka ng'ambo, kwa maana mbele ya mbu wa huko yeye ni mgeni.

MLIMA NI NGAO

Wengi wetu hatujui jinsi baridi ya kwetu inavyotukinga. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya vilima vya Nyamira hupita mita 2,000. Ziwa Victoria liko chini kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi. Ukiteremka kutoka Kisii hadi Mbita umeshuka zaidi ya nusu kilomita, na umeingia katika hali nyingine ya hewa kabisa.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa malaria. Mbu jike wa jamii ya anofelesi anapomuuma mgonjwa, hufyonza vimelea pamoja na damu. Vimelea hivyo haviwezi kumwambukiza mtu mwingine papo hapo. Ni lazima kwanza vikue ndani ya tumbo la mbu, na kasi ya kukua hutegemea joto. Penye nyuzi 25 za selsiasi, kazi hiyo huchukua siku 12 hivi. Penye nyuzi 20, huchukua kama wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya muda huo kufika. Joto likishuka karibu na nyuzi 16, vimelea vya malaria ile kali husimama visikue kabisa.

Hii ndiyo sababu malaria ya ziwani huwapo mwaka mzima, ilhali ya milimani huja kwa vipindi, hasa baada ya mvua ya masika kuambatana na joto lisilo la kawaida. Ikija hivyo huja kwa kishindo. Wazee na wauguzi wanaikumbuka milipuko ya miaka ya 1980 na 1990, wakati wodi za hospitali za nyanda zetu za juu zilipojaa hata watu wazima wenye nguvu zao wakalazwa.

Kwa nini watu wazima pia? Kwa sababu ngao ya mlima ina upande wake wa pili. Mtu aliyezaliwa na kukulia kandokando ya ziwa huumwa na mbu na kuugua mara nyingi tangu utotoni. Akinusurika, mwili wake hujifunza kupambana na vimelea. Akiwa mkubwa anaweza kuwa navyo katika damu na bado akaendelea na kazi zake. Mtoto wa Nyansiongo au Kiabonyoru hajapata somo hilo. Akiumwa kwa mara ya kwanza huko kisiwani, mwili wake unakutana na adui usiyemjua.

Hata yule aliyewahi kuishi Kisumu au Mombasa asijidanganye. Kinga hiyo hudumu kwa kuumwa tena na tena. Ukikaa milimani miaka kadhaa, hufifia.

MWINGEREZA HUULIZA, SISI TUNANYAMAZA

Mwingereza anayetaka kuja kupumzika katika pwani ya Kenya humwendea daktari au mfamasia wiki kadhaa kabla ya safari. Huulizwa anakwenda wapi, atakaa siku ngapi na ana maradhi gani. Hupewa dawa ya kuzuia malaria, akaambiwa aanze lini na aache lini. Humezea kwao, humezea hapa, na akirudi kwao huendelea kuimeza kwa muda alioelezwa.

Sisi humcheka. Twasema mzungu ni mwoga, ana damu laini. Kisha twapanda basi la usiku na watoto wetu bila hata neti moja, kwa sababu tumo nchini mwetu. Msomaji, mbu hasomi kitambulisho. Wala haulizi kabila. Mkazi wa Manga na mkazi wa Manchester wakilala chumba kimoja kule Mbita bila neti, wote wawili wako hatarini, na aliyejikinga kwa dawa ndiye mwenye nafuu.

Ni kweli kwamba visiwa havifanani. Wazungu wenyewe wana visiwa vyao vya jua katika bahari ya Mediterania, kama Sardinia na Cyprus, ambako huenda kwa maelfu bila kufikiria malaria hata kidogo. Lakini haikuwa hivyo tangu zamani. Sardinia ilikuwa na malaria nyingi mno hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kati ya mwaka 1946 na 1950, serikali ya Italia ikisaidiwa na wakfu wa Rockefeller ilinyunyizia kisiwa kizima dawa ya DDT. Mbu hawakwisha, ila malaria ilitoweka. Watalii wanaolala huko leo bila neti wanafaidi jasho la watu wa miaka hiyo.

Karibu nasi, Unguja na Pemba zimepiga hatua kubwa. Kwa neti, kupuliza dawa majumbani na matibabu bora, kiwango cha malaria Zanzibar kilishuka hadi chini ya mtu mmoja kati ya watu 100, na kwa miaka mingi kimebaki hapo. Hata hivyo ugonjwa haujakwisha, na huongezeka mara watu wanapozembea. Kwa anayekwenda huko kuna jambo jingine: Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka Kenya. Chanjo hiyo yapasa idungwe siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka mpaka, na tangu mwaka 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote. Usingoje kudaiwa mpakani.

Rusinga na Mfangano ni habari nyingine. Huko malaria ingali ya kila siku. Rusinga ndipo watafiti walipojaribu mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua, nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba malaria ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 penye mitego. Hayo ni mafanikio, lakini yanatuambia pia kwamba hata baada ya juhudi zote hizo, vimelea vilibaki kwa watu wengi. Hivyo basi, kisiwa kilicho karibu zaidi na kwetu, na chenye nauli nafuu zaidi, ndicho kinachohitaji tahadhari kubwa zaidi.

KABLA YA KUONDOKA

Anza kupanga afya angalau wiki nne kabla ya siku ya safari. Jambo la kwanza ni kujua ni nani anayekwenda. Wapo watu watatu ambao ningependa wafikiriwe mno kabla ya kuandikishwa.

Wa kwanza ni mama mjamzito. Malaria humkausha damu, na inaweza kuharibu mimba au kumfanya azae mtoto mwenye uzani mdogo. Katika kaunti za Pwani na za kando ya ziwa, wajawazito hupewa kliniki dawa ya kuwakinga. Mpango huo haukulenga kaunti za milimani kama zetu, kwa hivyo mama wa Kisii au Nyamira huenda akasafiri bila kinga hiyo.

Wa pili ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Kenya mnamo Septemba 2019, ikazinduliwa Homa Bay, na mpango ukawekwa katika sehemu za magharibi zenye malaria nyingi. Mtoto wa Rusinga anaweza kuwa ameipata ilhali binamu yake wa Keroka hajaipata.

Wa tatu ni mwenye ugonjwa wa selimundu, ule watu wengi huuita siko seli. Malaria kwake ni hatari kubwa.

Hawa watatu wasiondoke bila kuonana na daktari au muuguzi wa kliniki. Akisema safari hii waiahirishe, waiahirishe. Kisiwa hakitahama.

Kwa wengine wote, mwulize mtaalamu kama unahitaji dawa ya kuzuia malaria. Zipo zinazomezwa kila siku na zipo za kila wiki, na si kila dawa humfaa kila mtu. Usijinunulie kwa kukisia. Zaidi ya yote, usimeze dawa ya kutibu malaria ukidhani itakukinga.

Kisha fungasha neti. Neti moja iliyotiwa dawa hutosha watu wawili. Wengi wetu tunazo zile zilizogawanywa na serikali, ila nyingine zimefunika vifaranga na nyingine zimezungushiwa kitalu cha mboga. Ziondoe huko ukatafute nzima. Piga simu pia mahali mtakapolala uulize kama vitanda vina neti. Swali hilo lina uzito kuliko lile la kama kuna televisheni.

MKIWA HUKO

Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri. Jua likitua, vaa mikono mirefu na suruali au leso ndefu, na jipake dawa ya kufukuza mbu. Starehe za ufuoni usiku zina utamu wake, ila ndio wakati mbu hula karamu. Watoto waingie ndani ya neti mapema.

Kwa wanaokwenda ziwani, kuna adui mwingine ambaye pwani ya bahari haina: kichocho. Konokono wadogo wa maji yasiyo ya chumvi hutoa vijidudu ambavyo hupenya ngozi ya mtu anayeoga, kuogelea au hata kusimama majini akipiga picha. Vijidudu hivyo hutoka zaidi mchana, jua likiwa kali, saa zile zile wageni hupenda kuingia majini. Baadaye huzaa minyoo inayoharibu utumbo na ini polepole. Mtu anaweza kukaa miezi bila kujua. Basi lifurahie ziwa ukiwa kwenye boti, na kwenye boti vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama wenyeji hawalivai. Wao walijifunza kuogelea wakiwa wadogo. Sisi tulijifunza kupanda vilima.

HOMA YA JANUARI

Sasa nafika kwenye sehemu inayonikera zaidi. Likizo huisha, watu hurudi na picha zao, na hakuna anayewaza tena juu ya mbu. Lakini malaria haitokei siku ya kuumwa. Ile kali huchukua kuanzia siku saba, mara nyingi siku 10 hadi 14, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Kwa hivyo mtu aliyeumwa Krismasi huanza kutetemeka shule zikifunguliwa.

Mtoto yuko bwenini, kichwa kinamuuma, anatapika. Anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa alale. Au mzee anasema ni uchovu wa safari. Au mtu anakwenda dukani na kuuziwa dawa ya taifodi. Siku tatu zinapita, na katika malaria kali siku tatu ni nyingi mno kwa mwili usio na kinga.

Shika kanuni hii: homa yoyote katika miezi miwili baada ya kurudi kutoka kisiwani ihesabiwe kuwa malaria hadi kipimo kikatae. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidoleni na jibu hupatikana ndani ya dakika 20 hivi. Na ufikapo, usingoje kuulizwa. Sema: "Nilikuwa Rusinga," au "Nilikuwa Mombasa, nimerudi wiki iliyopita." Maneno hayo machache yanaweza kumfanya mhudumu afikirie malaria hata kama wiki nzima hajaona mgonjwa wake.

Ukipatikana nayo, maliza dozi. Enzi za klorokwini zilipita. Mwaka 1998 Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ikachukua dawa za jamii ya Fansidar, na mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa mseto yenye artemetha na lumefantrini, baada ya vimelea kuzizoea zile za awali. Kwa mtu mzima dozi hiyo ni vidonge 24: vinne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, tena pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Watu wengi hupata nafuu siku ya pili na kumwekea jirani vilivyobaki. Huko ni kujiua na kumwua jirani.

Mgonjwa akianza kuweweseka, kushikwa na degedege, kutapika kila kitu, kuhema kwa shida au kukojoa mkojo mweusi, usimpeleke duka la dawa. Mpeleke hospitali, iwe usiku au mchana.

JAMBO SI LA MTU MMOJA

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima ajijue mwenyewe. Siafiki. Anayerudi na vimelea katika damu anaweza kuumwa na mbu wa kijijini kwake, na mwaka wenye joto mbu huyo akaishi vya kutosha kuvipeleka kwa jirani ambaye hajawahi kutoka Nyamira. Safari ya mtu mmoja inaweza kuwa homa ya kijiji kizima.

Zanzibar wametambua hilo. Mgonjwa akipatikana na malaria, wahudumu humfuata hadi nyumbani, hupima jamaa zake, na swali mojawapo ni kama alisafiri. Nasi twaweza kuanza na swali hilo tu. Kila zahanati ya Kisii na Nyamira, kila chumba cha muuguzi shuleni, mgonjwa wa homa aulizwe: je, umesafiri hivi karibuni? Halihitaji bajeti wala mkutano.

Kwa viongozi wa vikundi, makanisa na shule nasema hivi: safari isiyo na mstari wa afya katika hesabu zake haijawa tayari. Mkuu wa shule anayewapeleka wanafunzi kisiwani na kulaza wavulana 40 bila neti amefanya kosa sawa na yule anayewapakia katika basi bovu. Tofauti ni kwamba basi bovu huanguka mchana kila mtu akiona, na malaria huja wiki mbili baadaye, mtoto akiwa mikononi mwa mama yake ambaye hajui chanzo ni nini.

Basi likizo njema, msomaji. Nendeni mkale samaki na mpunge upepo. Lakini kabla hujamlipa mwenye basi, mwombe mweka hazina afungue daftari, aandike neti juu kabisa, na chini yake tarehe ambayo kikundi kitakutana, wiki mbili baada ya kurudi, kuulizana nani ana homa.